Kutoka picha hadi mchoro wa wino: njia ipi ya kuhamisha, kalamu ipi ya kumalizia

Anayechora kwa wino akifuata picha ana maamuzi mawili kabla hajagusa karatasi yake nzuri: picha itafikaje kwenye karatasi, na mstari wa mwisho utapigwa kwa nini. Wengi huamua kila moja peke yake. Hununua meza ya mwanga kwa sababu moja, na brashi kwa sababu nyingine kabisa, kisha hushangaa kwa nini viwili hivyo havikubaliani. Penseli iliyohamishwa kwa uangalifu wa nusu milimita ikipitiwa na brashi nene, kazi yote ile hufunikwa na wino. Nibu nyembamba, ile ncha ya chuma inayochovywa kwenye wino, ikilazimika kufuata penseli ya juujuu, mkono husita na mstari hutetemeka. Kwa hiyo tunalinganisha njia za kuhamisha, kisha vyombo vya wino, halafu tunaviunganisha kulingana na kazi.

Picha yenyewe

Hakuna njia itakayoiokoa picha mbovu. Kamera kuu ya simu huona upana mkubwa, hivyo uso uliopigwa kwa umbali wa mkono hutoka na pua kubwa na masikio yaliyorudi nyuma. Ukihamisha kwa usahihi, utahamisha na kasoro hiyo. Simama mita mbili kutoka kwa unayempiga, kuza mara mbili au kata picha baadaye. Tumia chanzo kimoja cha mwanga kutoka upande, juu kidogo ya kichwa. Taa mbili zinazotazamana hufuta vivuli, na bila vivuli wino hauna la kusema.

Piga picha mbili bila kusogea: moja ya kawaida, nyingine ukiwa umeongeza mwanga hadi ndani ya vivuli paonekane. Kamera huzimisha vivuli kuwa weusi mtupu mahali ambapo jicho lingeona mkunjo wa nguo au ukingo wa taya. Picha ya pili ndiyo itakayokuonyesha kilichomo humo.

Halafu igeuze iwe ya kijivu na uipunguze hadi ngazi tatu au nne za rangi. Programu nyingi za picha zina amri hiyo. Chapisha nakala mbili: ya kijivu kamili kwa ajili ya maumbo, na ya ngazi tatu kwa ajili ya kuamua wapi patakuwa peusi, wapi peupe, wapi mistari ya kivuli. Wanaoruka hatua hii huishia kuweka mistari ya kivuli kila mahali, na mchoro huwa kijivu kimoja kisicho na uzito.

Ikiwa mchoro utauzwa au kuchapishwa, tumia picha yako mwenyewe au uliyopewa ruhusa kwa maandishi. Kugeuza picha ya mtu kuwa wino hakukupi umiliki wake. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya taasisi inayosimamia kazi za Andy Warhol, kuhusu sura ya mwanamuziki Prince iliyotokana na picha ya Lynn Goldsmith ya mwaka 1981 na kupewa jarida kwa malipo. Jina kubwa halikusaidia.

Miraba

Hii ndiyo njia ya zamani na ya bei nafuu kuliko zote: rula, penseli, subira. Picha ya sentimita 12 kwa 18 ikigawanywa kwa miraba ya sentimita 2 hutoa miraba 6 kwa 9. Karatasi ya sentimita 24 kwa 36 ikigawanywa kwa miraba ya sentimita 4 hutoa idadi ileile, na mchoro umekuzwa mara mbili. Kosa la kwanza la wengi ni uwiano. Picha ya 2 kwa 3 haiingii kwenye A4 bila kukatwa, na ukiilazimisha, miraba hugeuka mistatili na uso hunenepa au hurefuka. Kata picha kwanza, ndipo upige mistari.

Kosa la pili ni kujaza mraba mmoja mmoja kama fomu. Mistari hukutana vibaya kwenye mipaka, na shavu huwa na kona. Anza na mistari mirefu inayovuka miraba mingi: mstari wa bega, ukingo wa nywele, mhimili wa uso. Weka alama ndogo pale kila mmoja unapokata mpaka, unganisha kwa mkono mmoja, kisha ndio uingie kwenye maelezo. Sehemu ya macho na mdomo gawanya tena kwa nusu. Penginepo haihitajiki.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye karatasi. Miraba ikipigwa kwa penseli ngumu kama 4H huacha mifereji, na wino hujikusanya humo na kuonyesha gridi usiyoitaka. Ikipigwa kwa penseli laini, raba italazimika kupita karatasi nzima, nyuzi zitainuka, na wino utasambaa. Tumia HB, iliyo katikati ya ngumu na laini, kwa mkono mwepesi. Au bora zaidi, chora kwa miraba kwenye karatasi ya kawaida, kisha hamisha mchoro uliosafishwa.

Faida yake ni kwamba inakulazimisha kutazama. Aliyechora sikio kwa miraba analijua sikio lile, na wino wake huonyesha hivyo. Gharama ni muda: ni njia ya polepole kuliko zote zilizo hapa.

Meza ya mwanga

Haraka, sahihi, na ndiyo inayotoa michoro mingi iliyokufa. Kosa si la meza. Ni la kufuata picha moja kwa moja. Picha haina mistari, ina maeneo yanayokutana, na mkono usioamua mapema hufuata kila mpaka kwa uzito uleule.

Dawa ni hatua moja ya ziada. Chukua nakala iliyochapishwa, na kwa kalamu nyekundu au ya bluu chora juu yake mistari uliyoichagua tu. Sehemu ambayo shingo inapotelea kwenye kivuli cha kidevu, usipige mstari. Nywele, chora makundi matano au sita, si nywele. Kisha weka nakala hiyo kwenye meza ya mwanga na ufuate kalamu yako, usifuate picha. Tofauti inaonekana tangu mchoro wa kwanza.

Kwa upande wa karatasi, mpaka gramu 200 hivi kwa mita ya mraba mwanga hupita vizuri. Kuanzia 250 hadi 300 utahitaji chumba chenye giza, meza yenye nguvu, na nakala yenye mistari mizito. Maeneo meusi ya picha hayapitishi mwanga, kwa hiyo chapisha ile picha uliyoiongezea mwanga. Bandika kwa tepu upande mmoja tu, wa juu, ili uweze kuinua karatasi na kuangalia bila kupoteza mahali. Na uzime taa ya meza kila baada ya dakika chache: mwanga wa chini hufanya kila mstari uonekane mwembamba kuliko ulivyo.

Dirisha la mchana hufanya kazi ileile kwa penseli. Kwa kalamu ya kuchovya halifai, kwa kuwa wino haupandi.

Grafiti nyuma ya karatasi

Kwa karatasi nene hii ndiyo njia yetu tunayoipendekeza. Paka nyuma ya nakala kwa penseli ya 4B au 6B, futa unga unaolegea kwa tishu, bandika juu ya karatasi nzuri, kisha fuata mistari kwa kalamu ya wino mwekundu ili ujue ulipopita. Bonyeza kwa kiasi. Ukikandamiza utaacha mfereji, na tumeshasema wino hufanya nini kwenye mfereji.

Usitumie karatasi ya kaboni ya ofisini. Ina nta: haifutiki kwa raba, na wino wa maji hujikunyata juu yake ukaacha mstari uliokatikakatika. Hata grafiti yenyewe ikiwa nzito huusukuma wino. Kabla ya kuanza, bonyeza raba laini ya kufinyanga juu ya mistari yote, bila kusugua, hadi ibaki ya kuonekana kwa shida.

Udhaifu wake ni unene. Mstari wa grafiti huweza kufika karibu milimita moja, na jicho la mtu kwenye mchoro wa A4 huenda lina upana wa milimita 12 tu. Kope mbili, mboni na nuru ndani yake haviwezi kukaa humo. Hamisha alama za mahali tu, yaani pembe mbili za jicho na kitovu cha mboni. Zilizobaki zichore upya kwa kutazama picha.

Projekta

Kwa ukuta au ubao mkubwa, hakuna mshindani. Kwa kitu chochote kinachoingia mezani, achana nayo. Ikikaa kwa mshazari kidogo, picha hupanuka juu au chini. Ipime kwa kurusha mraba na kupima mishazari yake miwili, lazima ilingane. Kivuli cha mkono wako mwenyewe huziba unachochora, na mistari hutoka minene.

Tableti, na njia ya katikati

Ndani ya tableti swali la kuhamisha linaisha: picha hukaa kwenye leya (tabaka) ya chini kwa uwazi wa asilimia 30 hadi 40, penseli leya ya pili, wino ya tatu. Fungua faili kwa ukubwa wa kweli tangu mwanzo. A4 kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi) ni piseli 4960 kwa 7016, na kwa mistari myeusi mitupu dpi 300 huonyesha ngazi ndogo kwenye kingo inapochapishwa.

Kinachoharibu hapa ni kukuza. Ukichora ukiwa umekuza mara nne, utajaza ngozi ya pua mistari ambayo kwenye chapisho itakuwa doa. Pia ukikuza huwezi kuona uzito wa mstari mmoja dhidi ya mwingine. Chora ukiona mchoro mzima, au angalau nusu yake. Kiimarisha mstari, kinachosawazisha mtetemo wa mkono, kiwe kidogo. Kikizidi, kila mstari hupinda kwa namna moja, laini na isiyo na mkono nyuma yake.

Lakini kwa mwenye printa iko njia ya katikati, na kwa kazi nyingi tunaiona bora kuliko zote tano: panga na chora penseli kwenye tableti, igeuze rangi iwe bluu hafifu, ichapishe kwenye karatasi nzuri, na utie wino kwa mkono. Hakuna kufuta, hakuna mfereji, na ukiharibu unachapisha nyingine. Ukiskana kwa rangi, chukua chaneli ya bluu peke yake: humo mistari ya bluu hufifia na wino mweusi hubaki. Jaribu kwanza kipande kidogo, kwa kuwa wino wa printa nyingi za nyumbani huyeyuka kwa maji na huchanganyika na wa brashi. Ukiwa hafifu vya kutosha, haudhuru. Angalia pia printa yako inameza karatasi ya gramu ngapi. Nyingi hukwama kwenye 300.

Vyombo vya wino

Kalamu za ncha ya nyuzi ndizo rahisi kuanzia. Hazichovywi, hazidondoshi, na huenda upande wowote. Namba zake huwachanganya watu. Kwenye Sakura Pigma Micron, 005 ni milimita 0.20, 01 ni 0.25, 03 ni 0.35, 05 ni 0.45 na 08 ni 0.50. Yaani tofauti kati ya 005 na 01 karibu haionekani. Nunua tatu zilizoachana: 01, 05 na 08. Shika kalamu ikiwa imesimama na usikandamize, la sivyo ncha huzama kwenye chuma chake. Raba ikipita juu ya wino wake, hata uliokauka, weusi hupungua kuwa kijivu, na utalazimika kurudia sehemu. Usijaze maeneo makubwa meusi kwa kalamu hizi. Utaona michirizi, na ncha itakuwa imekwisha.

Nibu ya kuchovya hutoa mstari unaonenepa kwa kubonyeza na kukonda kwa kuachia, na hilo ndilo jambo ambalo kalamu ya nyuzi haiwezi. Nikko G ni ngumu kiasi na husamehe, anza nayo. Hunt 102 ni nyembamba, nzuri kwa mistari ya kivuli. Gillott 303 hupanuka sana, lakini hunasa nyuzi za karatasi mkono ukiwa mzito. Nibu mpya imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Usipoyaondoa kwa sabuni ya vyombo au spiriti, wino hujikusanya kama shanga na kudondoka wote kwa mara moja. Chovya hadi tundu lifunikwe tu, gusa mdomo wa chupa ili ziada ibaki humo, na uvute mstari kuelekea kwako. Mstari unaokwenda upande mwingine, geuza karatasi. Ukisukuma nibu, inachimba na kurusha matone. Ioshe mara kwa mara ukiendelea, maana wino usioyeyuka hukaukia juu yake na mstari huanza kuwa mnene bila sababu unayoiona.

Brashi ndiyo ngumu kujifunza na ndiyo yenye faida kubwa. Namba 2 au 3 ya manyoya ya kolinsky (mnyama mdogo wa Siberia), yenye ncha inayorudi, huchora unywele na pia mstari wa milimita kadhaa bila kubadilisha chombo. Za nyuzi za kutengeneza ni nafuu, ila ncha yake hupinda kama ndoano mapema. Chovya nusu ya manyoya, kamwe wino usifike kwenye chuma. Wino wenye shelaki (utomvu unaoufanya usiyeyuke kwa maji) ukikaukia humo ndani hupanua manyoya, na ncha haitakutana tena.

Tazama jicho moja ili uone tofauti. Kwenye picha, kope la juu ni utepe mweusi wa ngozi, nywele za kope na kivuli chao pamoja. Kope la chini karibu halina mpaka, ni mng'ao mdogo wa unyevu tu. Anayefuata picha kwenye meza ya mwanga hupiga yote mawili sawa, na jicho hutoka limebandikwa. Kwa kalamu ya nyuzi, kope la juu pitisha 05 mara mbili, la chini 01 iliyokatika katikati. Kwa nibu, la juu ni mstari mmoja unaoanza mwembamba pembeni ya pua, unabonyezwa juu ya mboni, unaachiliwa mwishoni. La chini nukta mbili tatu. Kwa brashi, la juu ni pigo moja nene lililounganishwa na mboni, na la chini halichorwi kabisa, jicho la mtazamaji hulijaza. Kadiri chombo kinavyonenepa, ndivyo picha inavyopaswa kuachwa.

Karatasi na ukubwa

Karatasi ya printa ya gramu 80 husambaza wino. Ifanyie mazoezi ya penseli tu. Bristol laini, yaani karatasi nene yenye uso uliosawazika, au karatasi ya rangi za maji iliyobanwa kwa joto ya gramu 300, hukubali nibu na kalamu ya nyuzi. Yenye vinyweleo hukwamisha nibu, lakini brashi iliyokaribia kukauka ikipita juu yake hutoa michirizi mizuri ya nywele na magome.

Chora kwa mara moja na nusu ya ukubwa wa kuchapisha. Ikipunguzwa hadi asilimia 67, mitetemo midogo hupotea. Lakini mapengo nayo hupungua: mistari ya kivuli iliyo karibu sana huziba. Acha pengo lisilopungua upana wa mstari wenyewe, na la mara mbili ni salama zaidi. Mistari ya kivuli inapokatana, ikatane kwa pembe ndogo, kama nyuzi 30. Ya nyuzi 90 hutoa wavu wa dirisha usoni mwa mtu. Usifute penseli hadi maeneo meusi yamekauka kabisa; saa moja kwa mistari, usiku mzima kwa weusi wa brashi. Kosa dogo lifunike kwa guashi (rangi ya maji isiyopitisha mwanga) nyeupe nzito, tabaka mbili nyembamba, na uskane kwa dpi 600.

Uoanishaji kwa kazi

Sura ya mtu inayotakiwa ifanane, kwa mteja: tableti, bluu hafifu, kisha nibu. Ikiwa huna printa, grafiti nyuma ya karatasi na macho yachorwe upya. Usianze na brashi kwenye kazi ya kulipwa ya namna hii hadi uwe umeizoea, kwa kuwa mfanano hukaa kwenye milimita moja ya mdomo na brashi haikupi nafasi ya pili.

Majengo na mashine: meza ya mwanga na kalamu za nyuzi, na rula yenye ukingo ulioinuka ili wino usipenye chini yake. Hapa hata kufuata picha kwa karibu hakuumizi, mradi mistari ya nje iwe 08 na ya ndani 01.

Wanyama, miti, nguo zenye mikunjo: miraba mikubwa michache kwa ajili ya uwiano tu, au kukadiria kwa jicho, kisha brashi. Penseli iwe kidogo iwezekanavyo. Kila nywele uliyoichora kwa penseli ni nywele ambayo brashi italazimika kuifuata badala ya kuichora.

Anayeanza kabisa na ana pesa ya kitu kimoja: asinunue meza ya mwanga. Anunue Bristol na kalamu tatu, atumie miraba kwa michoro kumi ya kwanza na dirisha kwa inayofuata. Wakati huo atakuwa anajua kama mkono wake unataka nibu au brashi, na meza atakayoinunua ataitumia kufuata mistari yake mwenyewe.